Kuku wa chumvi kidogo anayelika: mwongozo kamili kwa jiko la Mbeya, Iringa na Njombe

Mtu akiambiwa kliniki apunguze chumvi kwa sababu ya presha, hurudi nyumbani akapika kuku yuleyule kwa namna ileile, ila chumvi anaiacha. Mchuzi unakuwa chapwa, mzee anasukuma sahani pembeni, na kabla wiki haijaisha kopo la chumvi limerudi mezani. Nimeulizwa jambo hili na watu wa Uyole, wa Mafinga na wa Tukuyu. Ukiwahoji walivyopika, karibu wote wanaeleza sufuria iliyojaa maji. Chumvi ilikuwa inaficha wepesi wa mchuzi. Ilipoondoka, wepesi wote ukaonekana.

Kwa hiyo tunapika rosti nzito, ya kutosha watu 6, kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, na hiyo ina kama miligramu 2,000 za sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha. Kwa mapishi haya kila mlaji atapata kama miligramu 300, pamoja na sodiamu ya asili iliyomo kwenye nyama. Kuku aliyepikwa kwa kijiko cha chakula cha chumvi, kama ilivyo nyumba nyingi, humpa kila mtu zaidi ya 1,100 kabla hujagusa kitu kingine siku hiyo.

## Andaa hivi kwanza

- Kuku mmoja wa kilo 1.2 hadi 1.5 baada ya kunyonyolewa, akatwe vipande 10 hadi 12
- Vitunguu maji vikubwa 3
- Nyanya 5 zilizoiva hadi zimelegea
- Kitunguu saumu kichwa kizima
- Tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole gumba
- Karoti 1 na pilipili hoho 1
- Malimao 2
- Bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, mbegu za giligilani kijiko 1, pilipili manga nzima nusu kijiko, manjano nusu kijiko
- Pilipili mbuzi 1, isiyopasuka
- Mafuta ya alizeti vijiko 2 vya chakula
- Fungu dogo la majani ya giligilani
- Chumvi yenye madini joto, nusu kijiko cha chai, iliyokwisha kupimwa na kuwekwa kwenye kisahani

Vifaa ni sufuria nzito yenye mfuniko unaoziba vizuri, kinu na mchi, na kijiko halisi cha chai. Nasisitiza kijiko kwa sababu chumvi ya kumwaga kwa kiganja haijawahi kupungua kwa mtu yeyote. Jaza kijiko nusu, sawazisha kwa kisu, weka kisahani pembeni. Hiyo ndiyo chumvi yote ya sufuria hii.

Nyanya usizionee huruma. Za Ilula zikishuka bei nunua zilizoiva kupita kiasi, zile ambazo muuzaji anaziuza kwa fungu la mwisho. Nyanya ngumu ya rangi ya chungwa inatoa maji na uchachu, haitoi utamu.

## Ondoa hivi jikoni

Chumvi ya kopo ni ile unayoiona. Inayowashinda watu ni ile isiyoonekana.

Vipande vya mchuzi, vile vya mraba vya dukani, na viungo vya pakiti vya kunyunyizia: soma orodha ya vilivyomo na mara nyingi utakuta chumvi ni ya kwanza au ya pili. Mtu anaacha chumvi halafu anavunja vipande viwili ndani ya sufuria, kisha anashangaa presha haishuki. Mchuzi wa soya ni mbaya zaidi, kwani kijiko kimoja cha chakula hukaribia miligramu 900 za sodiamu. Nyanya ya kopo na sosi ya nyanya ya chupa hutofautiana sana, kwa hiyo soma lebo. Viungo vya pilau vya pakiti vingine vimechanganywa chumvi, vingine havina.

Lebo ikitaja chumvi badala ya sodiamu, hesabu gramu 1 ya chumvi kuwa miligramu 400 za sodiamu. Hesabu hiyo inatosha sokoni.

## Hatua ya 1: Chagua kuku ukijua atachukua muda gani

Kuku hai wa Mwanjelwa au wa soko kuu la Iringa hajaongezwa chumvi. Nyama yake ina kama miligramu 70 hadi 80 za sodiamu kwa kila gramu 100, kiasi ambacho hakikwepeki wala hakitishi. Kuku wa kugandishwa ni habari nyingine. Baadhi hudungwa maji ya chumvi kiwandani ili nyama ivimbe na isikauke. Ukiona kwenye lebo maji na chumvi vimetajwa pamoja na kuku, rudisha kwenye friza.

Broila ataiva ndani ya dakika 40 hivi. Chotara anataka saa moja au zaidi kidogo. Wa kienyeji anaanzia saa moja na nusu, na jogoo mzee anaweza kukuweka jikoni saa tatu. Bonyeza ncha ya mfupa wa kidari: ikiwa bado ni gegedu na inapinda, kuku ni mchanga. Kwa jogoo, tazama pia ule mwiba wa nyuma ya mguu. Ukiwa mrefu na mgumu, nunua kuni za kutosha.

Mimi humchagua wa kienyeji kila ninapopunguza chumvi. Ladha ya nyama yake ni kubwa, na katika mapishi haya nyama yenyewe ndiyo inayobeba kazi. Broila anafaa, ila asikose hatua ya kukaanga.

## Hatua ya 2: Safisha bila kurusha maji

Aliyechinjiwa nyumbani mnyonyoe, mbabue manyoya madogo juu ya moto, mtoe matumbo, kisha msuuze taratibu ndani ya beseni. Usimweke chini ya bomba linalofoka. Matone ya maji ya kuku mbichi hubeba vijidudu kama salmonela, na yanaruka hadi kwenye kachumbari. Broila aliyefungwa akiwa safi hahitaji kuoshwa kabisa, maana moto utamaliza kazi.

Usimloweke kwenye maji ya chumvi na limao kwa nia ya kuondoa harufu. Desturi hiyo imeenea sana, na humnywesha kuku chumvi ambayo huwezi tena kuipima. Harufu itaondolewa na tangawizi na saumu.

Baada ya hapo mkaushe kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni, kila kipande. Kipande chenye maji hakipati rangi, hujichemsha tu.

Umefaulu: ukigusa ngozi, kidole hakitoki na maji. Ubao, kisu na mikono vimeoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa mboga.

## Hatua ya 3: Twanga viungo, mpake

Weka bizari nyembamba, mbegu za giligilani na pilipili manga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika moja au mbili. Harufu ikipanda, epua mara moja. Twanga zikiwa moto. Ongeza saumu na tangawizi, twanga tena mpaka upate uji mzito, kisha changanya manjano na juisi ya nusu limao.

Bizari ya unga iliyokaa kabatini tangu mwaka jana haina kazi hapa. Chumvi inapokuwepo, viungo vilivyochakaa vinaweza kujificha. Chumvi ikipungua havina pa kujificha.

Paka kila kipande, ingiza na chini ya ngozi. Mwache nusu saa hadi saa mbili. Limao lisizidi nusu katika hatua hii, kwa sababu asidi nyingi kwa muda mrefu huifanya nyama iwe kavu na ya unga-unga.

Tahadhari: ukitaka alale na viungo usiku kucha, aingie kwenye friji. Usidanganywe na baridi ya Juni na Julai ya Njombe au Makete ukamwacha kabatini. Chumba kikipashwa na jiko la mkaa jioni, vijidudu vinaamka. Nje ya friji mwisho ni saa mbili.

## Hatua ya 4: Wa kienyeji achemshwe kwanza

Kama una broila au chotara mchanga, ruka hadi hatua ya 5.

Kuku wa kienyeji akikaangwa akiwa mbichi atakuwa na rangi nzuri nje na mpira ndani. Mweke sufuriani na viungo vyake, mimina maji vikombe 3, funika, moto wa wastani. Bila chumvi. Chemko likianza, punguza moto mpaka mchuzi uwe unatokota kidogokidogo.

Hapa ndipo mapishi yaliyoandikwa na watu wa pwani yanapotuangusha. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe ni juu zaidi. Maji ya Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100, ya Mbeya karibu na 94, ya Njombe karibu na 93. Kuongeza kuni hakubadilishi chochote, kwa sababu maji yakishachemka hayapandi zaidi ya hapo, yanakauka tu. Kinachobaki ni muda. Ukisoma mahali kwamba kuku wa kienyeji huiva kwa saa moja, jiandae kwa saa moja na nusu au mbili. Sufuria ya presha ndiyo dawa ya kweli ya miinuko: huongeza joto ndani, na kuku aliyekuwa achukue saa mbili hulainika ndani ya dakika 30 hadi 40.

Asiyejua jambo hili huona nyama bado ngumu, akaongeza maji, akaongeza tena, mwisho ana lita mbili za supu nyepesi inayolilia chumvi. Ongeza maji ya moto kwa nusu kikombe tu, na iwe pale unapoona sufuria inataka kukauka.

Umefaulu: uma unaingia kwenye paja bila kusukumwa, na imebaki supu kama kikombe kimoja. Toa vipande, vikaushe. Supu usiimwage hata tone.

## Hatua ya 5: Mpe rangi

Pasha sufuria nzito mpaka iwe moto kweli, mimina mafuta, panga vipande ngozi ikiwa chini. Viwe na nafasi. Kuku mzima akirundikwa kwa mkupuo mmoja, joto linaanguka, maji yanatoka, na unajikuta unachemsha. Fanya kwa awamu mbili au tatu.

Kisha usiguse. Watu wa jiko la mkaa wana mazoea ya kugeuzageuza kila sekunde. Kiache kipande dakika nne au tano. Kikiwa tayari kitajiachia chenyewe, kikiwa bado kinang'ang'ania. Geuza mara moja, maliza upande wa pili, toa.

Chini ya sufuria utaona ukoko wa kahawia. Huo ndio utakaokaa mahali pa vile vipande vya mchuzi ulivyovitupa. Ukiwa wa kahawia ni mtamu. Ukiwa mweusi ni mchungu na hauponyeki, kwa hiyo osha sufuria kabla ya kuanza vitunguu.

## Hatua ya 6: Vitunguu, halafu nyanya, bila haraka

Punguza moto. Katika mafuta yaleyale weka vitunguu vilivyokatwa vyembamba. Vipe dakika 15 kamili, ukikoroga mara kwa mara na kukwangua ukoko kwa mwiko. Vikianza kushika, nyunyiza kijiko kimoja cha maji. Vitapita hatua ya kulegea, kisha vitakuwa vya dhahabu, kisha kahawia hafifu. Wengi huishia kwenye kulegea. Utamu uko mbele ya hapo.

Weka karoti iliyokwaruzwa, kisha nyanya zilizokatwakatwa. Usifunike. Maji ya nyanya lazima yaondoke. Baada ya dakika 12 hadi 15 nyanya zitavunjika, rangi itakoza, na sauti ya sufuria itabadilika kutoka kutokota hadi kukaanga.

Umefaulu: ukivuta mwiko katikati, njia inabaki wazi kwa sekunde moja au mbili, na mafuta yamejitenga pembeni. Kabla ya hapo usirudishe kuku, hata kama wageni wamekaa.

## Hatua ya 7: Unganisha kwa maji kidogo

Rudisha kuku. Kama ni wa kienyeji, mimina ile supu. Kama ni broila, mimina kikombe kimoja cha maji ya moto, kisizidi. Weka hoho na pilipili mbuzi ikiwa nzima. Ikipasuka itawaka, na mgeni atadhani umempikia hasira. Funika, moto mdogo: broila dakika 25 hadi 30, wa kienyeji aliyekwisha lainika dakika 10 hadi 15. Dakika tano za mwisho fungua mfuniko ili mchuzi ukolee.

Kuiva kupimwe kwenye paja, karibu na mfupa. Maji yanayotoka yawe meupe, yasiwe na damu, na nyama ianze kuachana na mfupa. Mwenye kipimajoto cha nyama atafute nyuzi 74 au zaidi.

Mchuzi sasa uwe unamshika kuku. Ukikitoa kipande na mchuzi ukadondoka wote kama maji, endelea kukausha.

## Hatua ya 8: Chumvi na limao, mwisho kabisa

Epua sufuria. Nyunyiza nusu ya chumvi ya kisahani, kamua nusu limao, koroga, funika dakika tatu. Nusu nyingine ya chumvi isubiri.

Kuna sababu tatu za kuchelewesha. Chumvi iliyowekwa mwanzo huzama katikati ya nyama, mahali ulimi hauifikii haraka, lakini ya mwisho hukaa juu na kukutana na ulimi kwanza, hivyo kidogo kinasikika kama kingi. Pili, mchuzi unaopungua hukoleza chumvi, na ukionja mapema hujui utaishia wapi. Ya tatu inatuhusu sisi hasa: sehemu ya madini joto hupotea kwa moto wa muda mrefu, na nyanda za juu kusini zinafahamika kwa tatizo la tezi la shingo lililotokana na upungufu wake. Ndiyo maana kidogo unachobakiza kitoke kwenye pakiti iliyoandikwa madini joto. Chumvi ya mawe isiyo na madini hayo haifai, hata kama muuzaji anaisifu kuwa ni ya asili.

Sasa onja, lakini usionje mchuzi peke yake. Onja kwa tonge la ugali. Ugali wetu hauna chumvi, kwa hiyo mchuzi unaotosha kwenye kijiko huonekana umepooza ukifika kwenye tonge. Kosa la kuonjea kijikoni ndilo linalowafanya watu waongeze chumvi mezani.

Kama bado umepooza, fuata mpangilio huu: kwanza limao zaidi, kisha majani ya giligilani, kisha dakika tano za kukausha mchuzi, na mwisho kabisa ile nusu ya chumvi iliyobaki. Mara nyingi limao linamaliza shauri. Uchachu huamsha ladha ambazo chumvi ingeziamsha, na hauna sodiamu.

Tahadhari kubwa: zipo madukani chumvi mbadala zenye potasiamu. Mgonjwa wa figo, au anayemeza baadhi ya dawa za presha na za moyo, anaweza kudhurika nazo vibaya. Asitumie bila kumuuliza daktari wake. Na kupika hivi hakuruhusu mtu kuacha vidonge.

## Mezani

Chupa ya chumvi isiwepo. Iwepo sahani ya vipande vya limao na pilipili.

Ugali ni rafiki wa mapishi haya. Viazi vya kuchemsha na ndizi za Tukuyu pia, almuradi hujavitilia chumvi. Wali ndio mtego, kwa kuwa tumezoea kuutia chumvi hata ule wa Kyela wenye harufu yake ya kutosha. Pika bila chumvi, tupia iliki mbili. Kachumbari iwe ya limao na parachichi, bila chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kuhusu parachichi, ndizi na viazi, kwa sababu vina potasiamu nyingi.

Na maharage au mlenda vikiwa pembeni, ulizia magadi. Magadi ni sodiamu, vivyo hivyo baking soda, ambayo kijiko chake cha chai kina zaidi ya miligramu 1,200. Nimeona nyumba zinazompima mzee chumvi kwa uangalifu, halafu mboga yake inaiva kwa magadi kila jioni. Maharage loweka usiku kucha, yapikie sufuria ya presha.

Mzee akisema hapana ladha, usibishane naye. Anza na kijiko kizima cha chai kwa sufuria, wiki inayofuata robo tatu, kisha nusu. Ulimi huzoea ndani ya wiki kadhaa, na baadaye chakula cha zamani humwonekea kikali.

## Ukikwama

Nyama bado ngumu baada ya saa mbili. Ongeza muda, usiongeze moto. Au mpeleke kwenye sufuria ya presha.

Mchuzi mchungu. Saumu au ukoko uliungua. Karoti nyingine iliyokwaruzwa inapunguza kidogo, haiponyi.

Mchuzi mchachu mno. Nyanya hazikukaangwa vya kutosha. Rudisha motoni bila mfuniko.

Chumvi imezidi kwa bahati mbaya. Kutumbukiza kiazi hakuiondoi. Ongeza nyanya na vitunguu vilivyokaangwa, yaani ukuze chakula, au mgonjwa ale nyama aache mchuzi.

Kilichobaki. Kipoe, kiingie friji ndani ya saa mbili, kiliwe ndani ya siku tatu, kipashwe mpaka kitokote. Kesho yake viungo vitakuwa vimeingia zaidi na kitahitaji limao tu.